Maswali ya Wasomaji: Je, Mnyama Humtupa Mtoto Wake?

Barua zilizotufikia mwezi huu zimetoka sehemu nyingi, kuanzia mwambao hadi maziwa makuu, lakini karibu zote zinaelekea upande mmoja. Msomaji amemwona mnyama akimfanyia mtoto wake jambo fulani, jambo hilo limemshangaza au limemtia uchungu, naye anataka kujua kama hayo ni malezi au ni ukatili. Nimechagua barua ambazo majibu yake yametokana na uchunguzi wa muda mrefu, na nimejibu kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe linastahili urefu.

Mhariri, salaam. Mwanangu akiwa machungani alimkuta mtoto wa swala amelala peke yake katikati ya nyasi, bila mama wala kundi karibu. Alimhurumia, akambeba hadi nyumbani, nasi tukawa tunampa maziwa ya ng'ombe. Hakuishi. Majirani wanasema kwamba mama yake alikuwa amekwisha kumtupa. Je, ni kweli kwamba swala huwatupa watoto wao? — Mfugaji, Simanjiro

Ndugu mfugaji, karibu kwa hakika mtoto yule hakuwa ametupwa. Ninalisema hili bila nia ya kumlaumu kijana wako, kwa kuwa yeyote mwenye huruma angeweza kutenda kama alivyotenda yeye.

Wanyama wenye kwato wana njia kuu mbili za kulea watoto wachanga. Ya kwanza ni kuwaficha, na ndiyo inayofuatwa na swala tomi, swala granti, digidigi, pongo na tandala. Mara baada ya kuzaa, mama humlamba mtoto mpaka akauke, kisha hula kondo la nyuma ili damu isiwavute fisi na mbweha. Mtoto akishanyonya huondoka mwenyewe kwa hatua kadhaa, huchagua mahali pa kulala, huinyoosha shingo yake chini na kutulia tuli, hata mtu anaweza kukaribia kumkanyaga kabla hajaamka. Katika siku hizo za mwanzo mwili wake hauna harufu kali, na hata haja zake hazitoki ovyo: hujisaidia pale tu mama anapokuja kumnyonyesha na kumlamba sehemu za nyuma, naye mama huila haja hiyo ili isibaki alama yoyote ardhini. Mama hurudi mara chache tu kwa siku, na kila mtoto amalizapo kunyonya huhamia mahali pengine. Muda uliobaki mama hukaa mbali akila majani, lakini hasahau mahali alipomwacha mtoto, na akimwona mbweha akinusanusa upande huo huweza kumkimbilia na kumfukuza kwa pembe. Mama anayesimama juu ya mtoto wake porini ni sawa na bendera inayomwonyesha adui mahali mtoto alipo. Ndiyo maana umbali ule uliowafanya majirani zako wadhani kwamba ametupwa ulikuwa ndio ulinzi wenyewe.

Njia ya pili ni ya mtoto kufuatana na mama tangu saa ya kwanza, na hiyo unaijua vizuri, kwa sababu nyumbu wa Tarangire huja kuzaa katika mbuga za Simanjiro wakati wa mvua. Ndama wa nyumbu husimama ndani ya dakika chache, mara nyingi chini ya kumi, na haichukui muda mrefu anakuwa anakimbia ubavuni mwa mama yake. Kusini mwa Serengeti, pande za Ndutu, sehemu kubwa ya ndama wa mwaka mzima huzaliwa katika muda wa wiki tatu hivi, hasa mwezi wa Februari. Kuzaa kwa pamoja ni ulinzi, kwa kuwa fisi na simba, hata wawe wengi kiasi gani, hushiba, na maelfu ya ndama hubaki hai. Anayezaliwa nje ya msimu huo huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzake.

Kuhusu maziwa, ya ng'ombe hayalingani na ya swala, na mtoto aliyezoea kulambwa ili ajisaidie huziba tumbo akikosa huduma hiyo. Kwa hiyo, kijana wako akimkuta mwingine, asimguse. Aondoe mbuzi na mbwa mahali hapo na aende zake. Kama mama ameonekana amekufa, au mtoto ana jeraha, toeni taarifa kwa askari wa wanyamapori walio karibu. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013, na zote mbili zinakataza kumfuga mnyamapori bila kibali, hata kama aliyemchukua alisukumwa na huruma.

Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa Mto Rufiji. Nimemwona kwa macho yangu mamba akifukua mayai yake mwenyewe na kuwaweka watoto kinywani. Wazee wetu wamekuwa wakisema kwamba mamba hula watoto wake. Je, si ndivyo nilivyoona? — Mvuvi, Rufiji

Ulichokiona ni kweli, ila maana yake ni kinyume cha inavyodhaniwa, na wala si wazee wa Rufiji peke yao waliodhani hivyo. Kwa muda mrefu hata wataalamu wa viumbe hawakuamini kwamba mnyama wa namna ile angeweza kubeba watoto bila kuwadhuru. Ni katika miaka ya 1970 ambapo mtafiti Anthony Pooley wa Afrika Kusini alipowachunguza mamba kwa subira, akaeleza hatua kwa hatua jinsi mama anavyofanya.

Jike wa mamba wa Afrika hutaga mayai kati ya 25 na 80 katika shimo alilochimba kwenye ukingo wa mchanga, huyafukia, kisha hubaki hapo. Mayai hukaa ardhini kwa takriban miezi mitatu, na katika muda huo wote mama hali chochote au hula kidogo mno, kwa sababu anajua maadui wanaomsubiri aondoke. Kenge ndiye mkubwa wao. Mama akienda kujipoza majini kwa muda mfupi tu, kenge hufukua na kuondoka na mayai, na nyuma yake hufuata nguchiro, fisi na nyani. Joto la mchanga nalo lina kazi yake, kwa kuwa ndilo linaloamua jinsia: likiwa kati ya nyuzi 32 na 34 hivi watoto wengi huwa madume, na likishuka au kupanda zaidi ya hapo huwa majike. Mama anayechagua mahali pa kuchimba huwa pia amechagua, bila kujua, watoto wa aina gani watatoka.

Wakati wa kuanguliwa ukifika, watoto hulia wakiwa bado ndani ya mayai, na sauti yao hupenya mchanga. Hapo mama hufukua. Yai ambalo mtoto ameshindwa kulipasua yeye hulichukua kinywani na kulibiringisha taratibu kati ya ulimi na kaakaa mpaka ganda lipasuke, na meno yaleyale yanayoweza kuvunja mfupa wa nyati hayamgusi mtoto mwenye urefu wa sentimita 30. Sakafu ya kinywa chake hushuka na kuwa kama mfuko. Humo hujaza watoto, zaidi ya kumi kwa safari moja, akawapeleka mtoni, akafungua kinywa na kuwaacha waogelee. Dume naye ameonekana akisaidia kazi hii. Baada ya hapo watoto hukaa pamoja kwenye maji ya kina kifupi, karibu na mama, kwa wiki kadhaa, na wakati mwingine kwa miezi, na mmoja wao akilia kwa hofu mama huja mbio.

Hata hivyo, msemo wa wazee una chembe ya ukweli ndani yake: mamba wakubwa ambao si wazazi wa watoto hao huwala, kama wanavyowala korongo, kenge na samaki wakubwa. Ni wachache sana wanaofikia ukubwa wa mamba anayekutisha wewe ukiwa ndani ya mtumbwi. Nakusihi jambo moja, ndugu yangu mvuvi. Jike anayelinda kiota hakimbii kama mamba wengine wanavyokimbia mtu akitokea, hushambulia. Ukiona ukingo wa mchanga wenye alama za tumbo na mkia zinazopanda na kushuka mahali pamoja kila siku, usitue hapo, wala usiache watoto wachote maji hapo.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Mwalimu wetu alisema kwamba kwa wanyama ni mama tu anayelea. Je, hakuna baba wa wanyama anayelea watoto? — Mwanafunzi, Lushoto

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli kuhusu wanyama wengi wanaonyonyesha, kwa kuwa maziwa ni ya mama, lakini wapo mababa wanaofanya kazi kubwa, na mmoja wao anaishi katika milima yenu ya Usambara.

Huyo ni hondohondo, ndege mkubwa mwenye pembe juu ya mdomo, ambaye bila shaka umesikia kelele zake misituni. Msimu wa kutaga ukifika, jike huingia katika tundu la mti mrefu. Dume humeza udongo, hurudi nao akiwa ameufanya vidonge vyenye unyevu, na jike akiwa ndani hutumia vidonge hivyo kuziba mlango wa tundu mpaka ubaki ufa mwembamba unaotosha mdomo tu. Nyani hawezi kuingiza mkono, na nyoka hupata shida kupita. Kuanzia hapo jike hukaa gizani kwa zaidi ya miezi mitatu, akitaga, akiatamia na kulea kinda, na katika siku zote hizo chakula chake na cha kinda huletwa na dume peke yake. Hubeba matunda mengi kooni kwa safari moja, hutua kwenye gome la mti na kuyatoa moja moja kupitia ufa ule. Mtafiti wa ndege Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani miaka ya 1930, aliwachunguza ndege hawa katika misitu hiyohiyo ya Usambara, na maelezo yake yanategemewa na wataalamu mpaka leo. Ukimsikia mtu mzima akisema kwamba mti mkubwa wenye tundu umezeeka na unafaa kukatwa, mwambie kwa adabu kwamba mti mchanga hauna tundu la kumtosha hondohondo, na kwamba dume akiuawa kwa manati, nyuma ya udongo ule wako wengine wanaomsubiri.

Yuko pia mbuni. Majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja, lakini ni jike mkuu na dume wanaoatamia, kwa takriban siku 40. Jike mwenye rangi ya kijivu hukaa mchana, dume mweusi huchukua zamu ya usiku, na kila mmoja rangi yake humficha kwa wakati wake. Kwenye mabwawa yenye mayungiyungi kuna ndege mwenye vidole virefu mno anayetembea juu ya majani yanayoelea. Kwa ndege huyo jike hutaga na kuondoka, na dume ndiye anayeatamia, tena hatari ikija huwabana vifaranga chini ya mabawa yake na kukimbia nao, miguu yao ikining'inia. Kusini mwa Afrika yuko chura mkubwa ambaye dume wake hukaa na viluwiluwi dimbwini, na dimbwi likianza kukauka huchimba mfereji kwa miguu na mwili wake mpaka maji ya dimbwi kubwa yawafikie.

Na kuna wanyama ambao kwao kulea ni kazi ya ukoo mzima. Mbwa mwitu waliotoka kuwinda, madume kwa majike, hurudi pangoni na kutapika nyama kwa ajili ya watoto ambao si wao, pamoja na yule aliyebaki kuwalinda. Kwa mbweha wa Serengeti, ambao Patricia Moehlman alianza kuwachunguza katika miaka ya 1970, watoto wakubwa wa mwaka uliopita hubaki kuwasaidia wazazi wao kulea wadogo zao, na familia zenye wasaidizi hukuza watoto wengi zaidi.

Mhariri, nauza samaki. Siku moja nikiwa napara samaki nilifungua mdomo wake nikakuta umejaa samaki wadogo sana, wengine bado wakipumua. Je, samaki huyo alikuwa anakula watoto wake? — Mchuuzi, Kigoma

Hapana, dada yangu, alikuwa anawalea. Sato na ngege, pamoja na jamaa zao wengi wa maziwa yetu makuu, huyachukua mayai mara tu yakishatagwa na kuyaweka kinywani. Huko huyageuzageuza ili yapate hewa na yasiote ukungu, na kwa muda wa wiki mbili hivi jike hali chakula cha maana. Watoto wakishaweza kuogelea huwatoa nje wajitafutie, lakini akitokea adui hufungua kinywa nao hurudi ndani kwa haraka ya ajabu. Jike anayevuliwa katika hali hiyo huondoka na kizazi chake chote kwa siku moja, na hiyo ni sababu mojawapo kwa nini maeneo ya mazalia karibu na ufukwe yanapaswa kuachwa bila nyavu. Si wote wanaotumia kinywa: kuhe, ambaye wewe unamjua vizuri kuliko mimi, hutaga chini na kulinda watoto wake waziwazi, dume na jike pamoja.

Ziwa Tanganyika lina jambo lingine, ambalo mimi naliona ni la kushangaza kuliko yote katika safu hii. Kuna aina moja ya gogogo, mwenye madoa, anayewavizia samaki wa miambani wakati wakitaga, akaingiza mayai yake katikati ya mayai yao. Jike, katika haraka ya kukusanya mayai yake, hukusanya na yale ya mgeni. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, na wakiwa humo kinywani huwala watoto wa mwenye kinywa, mmoja baada ya mwingine, huku mama akiendelea kuwalinda kwa uaminifu uleule. Jambo hili lilielezwa kisayansi mwaka 1986, na mpaka hapo hapakuwa na samaki mwingine aliyejulikana kulelewa kwa namna hiyo.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwongoza watalii. Wageni huniuliza mara kwa mara kwa nini simba dume huua watoto wa simba, na kwa nini duma huwaacha watoto wake kwa saa nyingi. Naomba maelezo ya kutosha. — Mwongoza watalii, Karatu

Simba dume hawaui watoto wao. Wanaouawa ni watoto wa madume waliotangulia, pale kundi jipya la madume linapolitwaa kundi la majike. Madume hao kwa kawaida hukaa na kundi kwa miaka miwili au mitatu kabla nao hawajafukuzwa, na jike mwenye watoto wadogo hashiki mimba mpaka watoto wawe wakubwa. Watoto wakifa, hurudi kwenye joto baada ya muda mfupi. Uchunguzi wa miaka mingi wa Craig Packer na Anne Pusey huko Serengeti ulionyesha kwamba takriban robo ya vifo vya watoto wa simba katika mwaka wao wa kwanza hutokana na jambo hili. Na ndilo linalotufanya tuelewe malezi ya majike. Jike huzaa peke yake, huficha watoto kwa wiki sita hivi, kisha huwaleta kundini, ambako majike waliozaa karibu wakati mmoja huwaweka watoto wote pamoja na huwanyonyesha bila kubagua sana. Majike wawili au watatu wakisimama pamoja wanaweza kumzuia dume mgeni. Mmoja peke yake ni vigumu.

Duma hana dada wa kusimama naye. Hulea peke yake, na lazima awinde karibu kila siku, kwa hiyo huwaacha watoto katika nyasi ndefu au kichaka, na huwahamisha kwa kuwabeba mmoja mmoja kwa shingo kila baada ya siku chache ili harufu isikusanyike. Watoto hao wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, na baadhi ya wataalamu hudhani kwamba hufanana na nyegere, mnyama ambaye wengi humwogopa. Pamoja na yote hayo, utafiti uliofanyika katika mbuga za Serengeti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuta kwamba takriban watoto 5 tu kati ya 100 walifikia umri wa kujitegemea, na waliowaua wengi wao walikuwa simba. Wakifikisha miezi mitatu hivi, mama huanza kuwaletea mtoto wa swala akiwa hai, akamwachia mbele yao wajifunze kumkamata.

Sasa nakuomba unisikilize wewe mwenyewe, kwa kuwa unashika usukani. Utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha majike wa maeneo yenye watalii wengi na wale wa maeneo yenye watalii wachache. Wa kwanza walikuza wastani wa mtoto 0.2 kila mmoja. Wa pili 2.3. Magari yakimzunguka duma, mawindo hukimbia, naye huchelewa kurudi kwa watoto au hurudi kwao akifuatwa na injini zinazoonyesha kila simba mahali walipo. Mgeni anayekulipa hawezi kujua haya mpaka umweleze. Zima gari ukiwa mbali, na ukikuta magari mengi yamekwisha kufika, pita.

Mhariri, kwetu tembo wanaharibu mashamba na hata kuua watu. Tunashangaa kwamba watu wa uhifadhi husikitika zaidi anapouawa tembo jike mzee, ambaye siku zake za kuzaa zinakaribia kwisha, kuliko anapouawa kijana. Kuna sababu gani? — Mkulima, Kajiado

Ndugu mkulima, madhara mnayoyapata ni ya kweli, na jibu langu halina nia ya kuyapunguza. Lakini swali lako lina jibu zito.

Tembo hubeba mimba miezi 22, na ndama anayezaliwa, mwenye kilo 100 hivi, huchukua miezi mingi kujifunza hata kuutumia mkonga wake. Hunyonya kwa mdomo. Katika muda huo hulindwa na mama, na pia majike vijana wa ukoo, ambao humwamsha akianguka, humsaidia kupanda ukingo wa mto na kumkimbilia akilia. Cynthia Moss na wenzake, ambao walianza kuwafuatilia tembo wa Amboseli mwaka 1972, wameandika mengi kuhusu malezi haya ya pamoja. Hatari ikija, wakubwa huwasukuma ndama katikati na kuzigeuza nyuso nje. Anayeamua kama wasimame au wakimbie, na waelekee wapi, mara nyingi ni jike mkubwa kuliko wote. Majaribio yaliyofanyika hukohuko Amboseli, kwa kuwasikilizisha tembo sauti zilizorekodiwa, yalionyesha kwamba koo zenye viongozi wazee hutambua vizuri zaidi sauti za tembo wageni, na pia ngurumo za simba dume, ambaye kwa ndama ni hatari kuliko jike.

Umuhimu wa hekima hiyo ulionekana wazi mwaka 1993, ukame mkali ulipoikumba Hifadhi ya Tarangire. Katika makundi matatu yaliyokuwa yakichunguzwa, ndama 16 kati ya 81 walikufa ndani ya miezi tisa, idadi kubwa mno kuliko ilivyo kawaida. Makundi mawili yalitoka hifadhini kutafuta maji na malisho kwingine. Kundi la tatu lilibaki, na ndilo lililopoteza ndama wengi zaidi. Makundi yaliyoondoka yalikuwa na majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa hai wakati wa ukame mwingine mkubwa wa miaka ya 1958 hadi 1961, na watafiti walihitimisha kwamba inaelekea walikumbuka walikokimbilia wazazi wao. Kundi lililobaki lilikuwa limepoteza wazee wake kwa majangili katika miaka iliyotangulia, kwa ajili ya pembe zao kubwa. Risasi iliyomwua bibi miaka ya 1970 au 1980 ilikuja kumwua mjukuu mwaka 1993, na hakuna aliyeihesabu.

Mhariri, mtoto wa nyani au sokwe akifiwa na mama, je, hufa tu? — Msomaji, Bujumbura

Inategemea umri, na inategemea kama atapata wa kumshika. Huko Gombe, kusini mwenu kwenye ufukwe uleule wa mashariki wa ziwa lenu, hayati Jane Goodall aliyeanza kazi mwaka 1960 alieleza habari za sokwe jike aliyeitwa Flo. Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka minane, umri ambao angeweza kujilisha. Lakini alijikunyata karibu na mahali mama yake alipofia, akakataa kula, akaugua, na haukupita muda mrefu naye akafa. Upande mwingine, mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu ulipowapiga sokwe wa Gombe, mtoto yatima aliyeitwa Mel, mwenye umri wa miaka mitatu na kitu, alichukuliwa na Spindle, dume kijana ambaye hakuwa ndugu yake. Spindle alimbeba mgongoni, aligawana naye chakula na kumlaza katika kitanda chake cha majani, na Mel akaishi.

Mhariri, hapa kwetu kasa hupanda ufukweni usiku, akataga, akarudi baharini asirudi tena kwa mayai hayo. Baada ya kusoma safu zako zilizopita kuhusu wanyama wanaolea, nauliza: kasa hana mapenzi na wanawe? — Msomaji, Mafia

Malezi yote ya kasa hufanyika kabla mtoto hajazaliwa. Jike husafiri mbali sana kurudi katika eneo la fukwe alikoanguliwa yeye mwenyewe. Hupanda juu ya alama ya maji makuu, kwa mwili ambao haukuumbwa kutembea nchi kavu, huchimba shimo kwa makasia ya nyuma kwa uangalifu mkubwa, hutaga mayai mia moja hivi, huyafukia, kisha hurusha mchanga huku na huku ili kiota kisijulikane kiko wapi. Hurudia kazi hiyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, halafu hupumzika kwa miaka miwili au zaidi. Angebaki kulinda, jua lingemwua, na mbwa wangeongozwa na mwili wake mpaka kwenye mayai.

Watoto hutoka baada ya takriban miezi miwili, kwa kawaida usiku, na huelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa bahari inayoakisi mbingu. Sasa mara nyingi ni taa za hoteli, nyumba au barabara, nao hutembea kuelekea huko mpaka jua likawakuta. Kwa hiyo wenye nyumba za ufukweni wazime au wafunike taa zinazotazama bahari katika miezi ya kuanguliwa. Mkikuta alama za kasa mchangani asubuhi, msifukue wala msipite juu yake, fungeni mbwa wenu, na wapelekeeni habari watumishi wa Hifadhi ya Bahari, au walinzi wa viota walio katika kijiji chenu, ambao huweka alama kwenye kiota na kukihamisha pale tu maji yanapotishia kukifikia.